Kabla Hujalipia Cheti cha Udukuzi

Kijana wa Kambarage, hapa Shinyanga, anayependa kompyuta hukutana na tangazo lilelile kila mara, kwenye makundi ya WhatsApp au Instagram. Kuna picha ya mtu aliyejifunika kofia ya sweta nyeusi, nyuma yake herufi za kijani zinateremka kama mvua, na chini yake ahadi: pata cheti cha CEH, uwe mdukuzi halali, uanze kulipwa kwa dola. Kisha zinafuata namba ya simu na maneno "nafasi zimebaki chache".

Nitasema mapema ninachoamini, ili mwenye haraka aishie hapa. Cheti hicho kina thamani, na sitaungana na wanaokibeza. Ila thamani yake iko kwa mtu anayesoma wasifu wako, na wasomaji wa aina hiyo ni wachache kuanzia Shinyanga mjini mpaka Kahama, Geita na Katoro. Anayeanzia huku akifanye kiwe kitu cha mwisho kununua, na kama inawezekana akilipie mwajiri.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayofichwa. CEH, yaani Certified Ethical Hacker, hutolewa na EC-Council, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2001. Mtihani wake wa kawaida una maswali 125 ya kuchagua jibu na unapewa saa 4. Humo huvunji mfumo wowote, unachagua A, B, C au D. Upo mtihani mwingine wa vitendo, wa saa 6 na changamoto 20, na huo ndio ningeuheshimu zaidi, lakini wauza kozi wengi hawautaji kabisa. Ada ya mtihani wa maswali peke yake inakaribia au kupita dola 1,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 2. Ukitaka kuufanya bila kupita kwenye mafunzo yao rasmi, lazima uthibitishe uzoefu wa miaka 2 katika kazi za usalama wa taarifa na ulipe dola 100 nyingine za maombi. Ukifaulu, cheti kinaishi miaka 3. Ndani ya miaka hiyo unatakiwa kukusanya alama 120 za kujiendeleza na kulipa dola 80 kila mwaka, la sivyo kinalala.

Kwa fedha hiyo mtu wa Kambarage anafungua kibanda cha uwakala wa miamala na kubaki na mtaji wa kuzungusha. Sisemi achague kibanda. Nasema ajue anachokiacha anapolipa.

Umaarufu wa cheti chenyewe una historia fupi inayofaa kujulikana. Mwaka 2010 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikiingiza kwenye orodha ya vyeti vinavyokubalika kwa watumishi na wakandarasi wake katika baadhi ya kazi za usalama wa mifumo. Kuanzia hapo makampuni yenye zabuni za wizara hiyo yalilazimika kukitaja kwenye matangazo ya kazi, mengine yakaiga, na herufi tatu hizo zikasafiri mpaka kwenye matangazo ya Nairobi na Dar es Salaam. Nyingi ya sifa zake zinatokana na orodha hiyo kuliko ubora wa maswali yake. Na hapa niruhusiwe kucheka kidogo: Februari 2014 tovuti ya EC-Council yenyewe ilidukuliwa, ukurasa wake wa mbele ukabandikwa nakala ya pasi ya kusafiria ya Edward Snowden. Waliokuwa wakifundisha dunia kujikinga waliamka na aibu kama mtu mwingine yeyote. Haikuua cheti. Waajiri waliendelea kukiandika kwenye matangazo, na hiyo inakuonyesha kwamba karatasi hii inaishi kwa mazoea ya ofisi za rasilimali watu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atakayekisoma kwako.

Serikalini jibu ni fupi. Nafasi zinazopita Sekretarieti ya Ajira zinapimwa kwanza kwa stashahada au shahada inayotambulika nchini. CEH si tuzo ya NACTVET wala shahada iliyoidhinishwa na TCU, na haiwezi kuziba pengo la chuo. Mwenye shahada anaweza kufaidika nayo kama sifa ya ziada. Asiye na shahada atachujwa kabla mtu hajafika kwenye mstari huo wa wasifu wake. Kama bado uko kidato cha sita na una hamu ya kazi hii, fedha yako ielekee chuo kwanza. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mitandao na uchunguzi wa kidijitali, Chuo cha Usimamizi wa Fedha na Chuo cha Uhasibu Arusha nao wanafundisha fani hiyo, na kuna mikopo ya Bodi.

Benki na makampuni ya simu ni wasomaji wazuri zaidi. Wanaikubali CEH, ila makao makuu yako Dar es Salaam, na matawi ya Shinyanga hayaajiri wapima mifumo. Ukilenga huko, jua unalenga kuhama.

Tuje migodini, maana ndiko macho ya vijana wetu yanakoelekea. Mgodi wa Geita, Bulyanhulu kule Kakola, almasi ya Mwadui: kila familia ya mkoa huu ina mtu aliyewahi kufanya kazi mojawapo, au aliyepunguzwa Buzwagi ulipofika mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Mgodi mkubwa leo ni mtambo unaoendeshwa na kompyuta. Kinu cha kusaga mawe, pampu za maji, matangi ya sianidi, na kwa migodi ya chini ya ardhi feni zinazowapelekea watu hewa, vyote vinapokea amri kutoka kwenye vidhibiti vidogo vilivyofungwa ndani ya makabati ya chuma. Vingine vina umri mkubwa kuliko kijana anayeomba kazi. Vilitengenezwa wakati hakuna aliyefikiria kwamba mtu angevigusa kutoka mbali.

Sasa angalia jambo hili kwa karibu. Zana ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi yeyote wa udukuzi ni Nmap, programu inayopiga hodi kwenye kila mlango wa kila kifaa kilicho mtandaoni ili kujua kipi kiko wazi. Kwenye mtandao wa ofisi haina madhara makubwa. Ukiielekeza kwenye kidhibiti cha zamani cha mtambo, hodi hizo nyingi kwa pamoja zinaweza kukigandisha. Kikiganda kile kinachoongoza pampu au kinu, uzalishaji unasimama, na msimamizi wa zamu atataka kujua ni nani aliyegusa nini. Mhandisi wa mitambo anayekusaili anajua hilo vizuri. Atakapokuuliza ungeanzaje kukagua usalama wa mtandao wa kiwandani, jibu la darasani litakuangusha. Anataka kusikia kwamba ungeanza kwa michoro na orodha ya vifaa, ungesikiliza mtandao bila kuupigia hodi, ungeomba majaribio yafanyike wakati wa matengenezo, na ungehakikisha mtandao wa ofisi na ule wa mitambo imetenganishwa. Mtihani wa CEH unagusa mifumo ya viwandani, lakini subira ya namna hii hujifunzwa ukiwa karibu na mtambo wenyewe.

Hofu ya migodi si ya kufikirika. Julai 2024 kampuni ya Sibanye-Stillwater ya Afrika Kusini, inayochimba dhahabu na platinamu, ilitangaza kwamba mifumo yake ya kompyuta duniani kote imeshambuliwa. Miaka mitano kabla yake, Machi 2019, wazalishaji wa alumini wa Norsk Hydro kule Norwei walijikuta wakirudi kwenye karatasi na kalamu baada ya faili zao kufungwa na wadai fidia. Wakubwa wa makampuni ya madini wanasoma habari hizo. Kwa hiyo ajira zitakuwepo, na Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinawataka wenye leseni na wakandarasi wao kuwapa Watanzania kipaumbele katika ajira, mafunzo na manunuzi ya huduma.

Ila mlango wa kuingilia si ule unaodhaniwa. Mgodi hauchukui mtu wa mtaani na kumkabidhi usalama wa mifumo. Unachukua kampuni ndogo ya kufunga kamera, kampuni ya kuvuta nyaya za mtandao, kampuni ya redio za mawasiliano, na ndani ya kampuni hizo kuna fundi anayeingia getini na kitambulisho cha mkandarasi, anajulikana kwa jina, anajua swichi ipi iko kwenye kabati lipi. Nafasi ya ndani ikitoka, huyo ana mwanzo mzuri kuliko mwenye cheti aliyetuma barua pepe kutoka Kambarage. Nikipewa vijana wawili, mmoja ana CEH na hajawahi kushika swichi, mwingine ana miaka miwili ya kupanda nguzo kufunga kamera na anasoma usiku, namchukua wa pili bila kuomba muda wa kufikiri.

Kwa nini tusizungumzie pia kazi iliyopo hapahapa mtaani? Ingia steshenari yoyote karibu na stendi msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi. Kompyuta mbili au tatu, printa inayolia, foleni ya watoto wa kidato cha sita na wazazi wao. Kwenye meza kuna daftari la kaunta. Lifungue: ukurasa umepigwa mistari kwa rula, safu ya kwanza jina, ya pili namba ya mtihani, ya tatu namba ya simu, ya nne barua pepe, ya tano pasiwedi. Jina la mteja na neno lake la siri viko mstari mmoja, kwa wino wa bluu, na nyingi ya pasiwedi hizo ni jina la mteja lenye 123 mwishoni. Mwenye duka hafanyi ubaya. Wateja husahau, wakirudi wanalaumu, naye ametafuta dawa. Lakini daftari hilo likitoka mlangoni, anayelibeba ana barua pepe za mtaa mzima, na kwenye barua pepe hizo kuna akaunti za Ajira, vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya NIDA vilivyochanganuliwa. Kwenye kompyuta yenyewe, folda ya vipakuliwa ina CV na vyeti vya wateja wa miaka yote.

Hiyo ni kazi ya usalama wa taarifa, iko umbali wa kutembea, na hakuna mtihani wa dola 1,000 unaohitajika kuianza. Mwendee mwenye duka kwa adabu. "Shikamoo mama, nasomea usalama wa kompyuta. Naomba nikusaidie kupanga kompyuta zako na lile daftari, bure kwa mara ya kwanza, kisha nitakuandikia ukurasa mmoja wa nilichofanya." Usimwonyeshe maajabu. Usimwambie unaweza kuingia kwenye WhatsApp yake. Atakuogopa, na ana haki. Mtengenezee akaunti ya wateja iliyo tofauti na ya kwake, weka utaratibu wa kufuta faili za wateja kila jioni, mfundishe msaidizi wake kumwacha mteja aandike pasiwedi mwenyewe kwenye karatasi yake na kuondoka nayo, nunua kabati lenye kufuli kwa yale yanayolazimika kubaki. Halafu andika: tulikuta nini, hatari yake ni nini kwa lugha anayoielewa mwenye duka, tulirekebisha nini, nini kimebaki. Ukurasa huo, ukiondoa majina, ni kitu cha kwanza cha kuonyesha kwenye usaili. Kazi ya mpima mifumo kwa kiasi kikubwa ni kuandika, na wengi wanaofaulu mtihani hawawezi kuandika ripoti ambayo meneja ataisoma mpaka mwisho.

Baada ya steshenari kuna zahanati binafsi yenye kompyuta ya mapokezi, kuna shule, kuna SACCOS, kuna AMCOS za pamba zinazopaswa kuweka kumbukumbu zao kwenye mifumo ya kidijitali. Kuna mnunuzi wa dhahabu ambaye simu yake ndiyo ofisi: bei za asubuhi, picha za mzigo, namba za akaunti, vyote viko WhatsApp, na hajawasha uthibitisho wa hatua mbili. Kwa hawa wote una hoja yenye nguvu kuliko neno udukuzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde. Zahanati inayosikia "nitakudukua ili nikuonyeshe" inafunga mlango. Inayosikia "nitakusaidia kutimiza sheria ya taarifa za wagonjwa" inakuuliza bei.

Hapo ndipo panapokuja jambo ambalo sitalipita haraka, maana limewaponza vijana wenye vipaji: ruhusa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema katika kifungu cha 4 kwamba kuingia kwa makusudi na bila uhalali kwenye mfumo wa kompyuta ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida uliyoipata isivyo halali kama hiyo ndiyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Soma tena: kosa ni kuingia. Si lazima uwe umeiba. Kijana anayejaribu tovuti ya halmashauri ili awape taarifa ya udhaifu wake kwa nia njema, ameshaingia bila ruhusa. Nia njema ataieleza polisi. Na kuwa na CEH hakukupi ruhusa ya kugusa mfumo wa mtu, kama ambavyo leseni ya udereva haikupi haki ya kuchukua gari la jirani.

Ruhusa iwe ya maandishi. Iseme mwenye mfumo ni nani na amesaini nani, vifaa gani na anwani zipi zitaguswa, kuanzia lini mpaka lini, nini hakiguswi kabisa, nani apigiwe simu kitu kikienda vibaya, na taarifa zitakazoonekana zitafanywaje baada ya kazi. Hakikisha aliyesaini ana mamlaka hayo. Septemba 2019 wapimaji wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama jimboni Iowa, Marekani. Walikuwa na mkataba na mahakama za jimbo wa kupima ulinzi wa jengo hilo, na walikuwa na barua mfukoni. Mkuu wa polisi wa kaunti akasema jengo ni la kaunti, na jimbo halikuwa na mamlaka ya kuruhusu. Walilala mahabusu, wakashtakiwa kwa kuvunja, na mashtaka yakafutwa Januari 2020, baada ya miezi ya wasiwasi. Hao walikuwa wataalamu wa kampuni kubwa yenye mawakili. Wewe wa Kambarage uliyeambiwa na meneja wa tawi "jaribu tu uone", tawi si lake, na mfumo uko Dar es Salaam.

Kwenye mazoezi, kaa ndani ya mazingira yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo. TryHackMe na Hack The Box wana vyumba vya bure. PortSwigger wana darasa zima la usalama wa tovuti ambalo halilipiwi hata senti. Ukiwa na kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, unaweza kuendesha mashine mbili za mazoezi ndani yake bila bando kabisa ukishazipakua. Tafuta Wi-Fi ya chuo au ya rafiki kwa usiku mmoja wa kupakua, kisha fanya kazi bila mtandao. Na kama unadhani dunia haimtambui asiye na cheti, Santiago Lopez wa Argentina alijifundisha mwenyewe kwa mafunzo ya mtandaoni, na mwaka 2019, akiwa na miaka 19, akawa wa kwanza kufikisha mapato ya dola milioni 1 kwa kuripoti udhaifu kupitia HackerOne, jukwaa ambalo makampuni yenyewe yanaweka masharti na ruhusa. Usitegemee milioni yake. Wengi huambulia kidogo, na miezi ya mwanzo hawaambulii chochote. Lakini ripoti zilizokubaliwa pale zina jina lako na tarehe, na zile zilizowekwa wazi mwajiri yeyote anaweza kuzikagua.

Mpangilio ambao ningempa mdogo wangu ni huu. Kwanza mitandao na Linux, mpaka uweze kueleza bila karatasi kinachotokea tangu mtu anapoandika anwani ya tovuti mpaka ukurasa unapofunguka. Kozi za Cisco Networking Academy zinatosha, nyingi ni za bure, na vyuo kadhaa nchini vinazifundisha. Kisha cheti cha kuanzia. ISC2 walitangaza mwaka 2022 kwamba wangetoa mafunzo na mtihani wa cheti chao cha mwanzo bure kwa watu milioni 1. Angalia kama nafasi bado iko wazi, na jua kwamba ukifaulu kuna ada ya dola 50 kwa mwaka. Security+ ya CompTIA ni hatua inayofuata kwa anayeweza, bei yake ni chini ya nusu ya CEH, na wanaosaili kazi za ulinzi wa mifumo wanaielewa. Anayetaka kweli kuwa mpimaji wa kuvunja na kuingia aitazame OSCP. Ule mtihani ni wa saa 23 na dakika 45 za kushambulia mashine halisi, kisha saa 24 za kuandika ripoti, na gharama yake inapita dola 1,500. Ni mkali. Mafundi wanauheshimu kwa sababu hauna A, B, C, D.

CEH inaingia wapi basi? Inaingia pale ambapo umeshaajiriwa au una mkataba, na kuna tangazo au zabuni mahsusi inayoitaja kwa jina. Kampuni yako inaomba zabuni ya benki na masharti yanasema timu iwe na mtu mwenye CEH: nenda kalipie, au mwambie bosi alipie, maana hapo karatasi inaleta fedha wiki hiyohiyo. Vivyo hivyo ukiwa unaomba kazi Dubai au Doha, ambako matangazo mengi huiorodhesha na anayechuja wasifu hakujui wala hajui chuo chako. Nje ya hali hizo, subiri.

Kuna kundi jingine ninalotaka lisikie, na ni wahasibu. Kizumbi, nje kidogo ya mji wetu, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina taasisi inayotoa wahitimu wa ushirika na biashara. Hao hujiona hawahusiki na mambo haya. Tazama Uganda. Novemba 2024 Waziri wa Nchi wa Fedha, Henry Musasizi, aliliambia Bunge kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu zilikuwa zimedukuliwa. Magazeti yakaandika juu ya wadukuzi wa ng'ambo. Miezi michache baadaye, Februari 2025, waliofikishwa kizimbani walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha, akiwemo Mhasibu Mkuu wa Serikali. Kusema nani ana hatia ni kazi ya mahakama. Lakini walioshtakiwa ni watu waliokuwa na funguo halali, na swali linalobaki mezani ni la ukaguzi: nani aliidhinisha, kwa pasiwedi ya nani, na nani alipaswa kuona. Kwa swali hilo cheti kinachotafutwa ni CISA cha ISACA, cha wakaguzi wa mifumo, kinachodai uzoefu wa miaka 5. Mhasibu wa SACCOS au wa mgodi anayejifunza mifumo ana njia fupi kwenda huko kuliko kijana wa TEHAMA anayeanza kujifunza uhasibu. Nafasi zake mikoani ni nyingi kuliko za udukuzi, na wanaozigombea ni wachache.

Kuhusu wauza kozi, sina maneno mengi. Anayekuahidi kufaulu kwa kukupa mkusanyo wa maswali yaliyoibwa anakuuzia kosa: ukigundulika cheti kinafutwa, na usipogundulika utafika kwenye usaili ukiwa mtupu. Anayesema cheti chake cha siku tatu "ni sawa na CEH" mwombe akuonyeshe jina lake kwenye orodha ya vituo kwenye tovuti ya EC-Council yenyewe. Na yule mwenye kituo halali kabisa, kabla hujatoa hata elfu hamsini ya kushika nafasi, muulize maswali mawili. Bei aliyotaja inajumuisha ada ya mtihani, au ni ya kukaa darasani tu? Na katika wanafunzi wake wa mwaka uliopita, anaweza kukuunganisha kwa simu na wawili wanaofanya kazi hii sasa hivi? Akisema atakutumia namba zao jioni, ngoja jioni ifike ndipo ulipe.